Kununua Jeti Ndogo Iliyotumika Ukiwa Kisumu: Uliza Imetua Mara Ngapi

Mzee mmoja wa hapa Kisumu mwenye biashara ya vifaa vya ujenzi alinipigia simu saa moja asubuhi, hata chai sijanywa, akaniambia, "Fundi, nimepata jeti, imetembea saa elfu mbili tu, broka anasema leo ndo mwisho wa kuweka depositi, nifanyeje?" Nikamuuliza, "Mzee, imetua mara ngapi?" Akanyamaza kidogo halafu akasema hilo hakuuliza. Na hapo ndo watu wengi wa huku kwetu wanaumia, kwa sababu safari zetu ni fupi, na safari fupi haimalizi ndege kwa saa, inaimaliza kwa kuruka na kutua.

So huu mwongozo ni wa yule mtu ako na kazi Kisumu, Nairobi, Entebbe, Mwanza, pengine Kigali, pesa iko, na anataka jeti ndogo iliyotumika bila kuja kulia baadaye. Mimi ni fundi wa ndege, hizi injini nimezifungua na mikono yangu, na naandika vile ningemwambia ndugu yangu wa tumbo moja.

Hatua ya 1: Andika safari zako kabla hujaangalia picha yoyote

Chukua daftari uandike kila safari uliyofanya mwaka uliopita, mlikuwa wangapi, mizigo ilikuwa kilo ngapi, mlilala ama mlirudi jioni. Usiandike safari za ndoto, ile ya Dubai mara moja kwa mwaka panda ndege ya abiria kama watu wengine. Kwa hewa, Kisumu hadi Nairobi ni kama kilomita 265, Entebbe kama 255, Mwanza kama 330, Kigali 550, Juba 650, Mombasa karibu 700, Dar es Salaam kama 900.

Sasa piga hesabu. Ukienda Nairobi na kurudi mara nne kwa wiki umetua mara nane, kwa wiki hamsini hizo ni mara 400 kwa mwaka. Kila safari weka dakika 40, mwaka unaisha na saa kama 265. Sasa chukua ndege hiyo hiyo umpe mtu wa Marekani ambaye kila akiruka anakaa hewani saa moja na nusu, saa 265 zake ni kutua kama mara 177. Saa ni sawasawa lakini yako imechoka mara mbili na zaidi.

Mafundi tunaita saikoli: kuwasha, kuruka, kutua, kuzima, hiyo ni moja. Kila saikoli zile sahani za chuma ndani ya injini zinatoka baridi zinaenda kwa moto mkali zinarudi tena baridi, na bodi ya ndege inajazwa hewa kama puto halafu inaachiliwa, na miguu, breki, matairi vyote vinakula kipigo. Kuna vipuri ndani ya injini vina kikomo cha saikoli kilichoandikwa na mtengenezaji, ikifika imefika, kinatolewa hata kama kinang'aa. Kwa hivyo kila kitu nitakachosema huko chini kisome na hiyo macho ya kutua.

Na kwa watu wa Nakuru niseme wazi tu, mimi singewashauri jeti. Kiwanja cha Lanet si mahali pa kupangia jeti yako ya kila wiki, na kutoka Nakuru mpaka uwanja wa Wilson pale Nairobi ni barabara ya kama kilomita 160, so jeti itakaa Nairobi ama Kisumu na wewe utaendesha gari kuifuata. Kodisha siku ukihitaji.

Hatua ya 2: Pima viwanja, na upime joto lake saa nane mchana

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo karatasi za broka zinadanganya bila kusema uongo. Ile brosha inasema ndege inahitaji futi elfu tatu na kitu kuruka. Ni kweli, lakini hiyo ni kwa usawa wa bahari na hewa ya nyuzi 15. Sisi hatuishi hapo.

Kisumu iko futi kama 3,730 juu ya bahari, raniwei yake ni ndefu, kilomita tatu na zaidi, hapo hakuna shida kubwa. Lakini siku ya nyuzi 30 ile hewa ni nyepesi mpaka ndege inajisikia kama iko futi 6,400. Wilson iko futi kama 5,540, na raniwei zake ni kama kilomita moja na nusu tu. Siku ya nyuzi 25 pale Wilson ndege inajisikia iko futi 8,000. Eldoret ndo kabisa, futi 6,940, na mchana wa nyuzi 25 ndege inajiona iko futi 9,800, ila Eldoret wamebarikiwa na raniwei ya kilomita 3.5 so unaokolewa na urefu. Entebbe, Kigali na JKIA (uwanja mkubwa wa Nairobi) ziko na lami ndefu, huko shida si urefu, ni uzito wa kupanda.

Sababu si urefu wa kukimbia peke yake. Jeti ya abiria wachache ina injini mbili, na sheria ya kuruka inauliza swali moja gumu: injini moja ikizimika wakati umeshapita kasi ambayo bado ungeweza kusimama kwa raniwei, hii ndege itapanda na moja iliyobaki ama itaenda kugonga kilima? Hewa ikiwa nyepesi jibu linapatikana kwa kupunguza uzito, yaani uache watu ama uache mafuta.

Habari njema ni kwamba safari fupi inakusaidia hapa. Wilson kuja Kisumu hauhitaji tangi kujaa, unaweka ya safari, ya akiba na ya kwenda uwanja mwingine hali ya hewa ikikataa, basi unapata nafasi ya watu. So kabla ya kupenda ndege yoyote, mwambie rubani anayeijua aina hiyo akufanyie hesabu mbili kwa maandishi: Wilson saa nane mchana Februari na watu wako wote ndani, na kutua Wilson raniwei ikiwa imelowa. Kama hesabu ya pili inakataa, inamaanisha kila mvua ikinyesha Nairobi wewe unatua JKIA na unakaa kwa jam mpaka mjini, na zile dakika ulizonunua zimeisha hapo.

Viwanja vya murram sahau. Jeti ndogo nyingi haziruhusiwi, injini inameza kokoto na flapu zinapigwa. Kuna Citation za zamani (jeti ndogo za Cessna) zilikuwa zinawekewa vifaa vya changarawe, na Pilatus PC-24 ilitengenezwa kwa ajili hiyo kabisa lakini zilianza kutoka 2018 na bei yake bado ni ya juu sana.

Hatua ya 3: Chagua aina, na uwe mkweli juu ya turbopropu

Zile ambazo mtu wa safari zetu atazikuta sokoni ni hizi.

Cessna Citation Mustang, ilitengenezwa 2006 hadi 2017, zilitoka karibu 480, injini mbili za Pratt & Whitney PW615F, inakimbia kama kilomita 630 kwa saa, abiria wanne wamekaa vizuri. Hiyo ndo mimi naipenda kwa safari za huku, ni ndege rahisi, haina mambo mengi ya kuharibika, na mwenye kampuni bado anauza vipuri. Ubaya wake mtu mkubwa atasikia kubanwa, na choo chake ni cha dharura tu, lakini kwa dakika 40 nani anahitaji.

Embraer Phenom 100, zilianza kufikia wateja mwisho wa 2008, ina kasi zaidi na ndani ni pana kuliko Mustang. Nzuri, ila uliza kwanza ni fundi gani karibu ameidhinishwa kuishika, maana Citation huku kwetu zinajulikana zaidi.

Citation CJ1 na CJ2, injini za Williams FJ44, hizi ni kubwa kidogo, zinabeba zaidi, zinakula zaidi. Kama safari zako nyingi ni Kigali, Juba na Dar na mko watu watano, anzia hapa.

Halafu kuna Citation II za zamani za miaka ya themanini, unazipata chini ya dola milioni moja na mtu anaona amepata dili. Ndugu, bei ya kununua ndo ndogo, kuishi nayo ndo kubwa. Ukaguzi wake mkubwa ule wa Fezi 5 unakuja kila miezi 36 ama saa 1,200, chochote kikitangulia, na kwa bodi ya miaka arobaini fundi akifungua sakafu hujui atakutana na nini. Eclipse 500 nayo ni tamu kwa mafuta lakini kampuni ya kwanza ilifilisika 2008, na kila moja ilipata maboresho yake tofauti, so mbili zenye jina moja zinaweza kuwa ndege mbili tofauti kabisa.

Sasa ukweli ambao hakuna broka wa jeti atakwambia. Kisumu hadi Wilson jeti haifiki ile kasi yake. Inapanda, inakaa juu dakika chache, inaanza kushuka, na jeti ikiwa chini inakula mafuta vibaya sana. Mustang weka lita 400 kwa saa, na PC-12, ile turbopropu (ndege ya propela inayozungushwa na injini ya aina ya jeti) ya injini moja, weka lita kama 240. PC-12 inakimbia kama kilomita 500 kwa saa, so kwa hiyo safari tofauti haifiki dakika kumi. Na PC-12 inatua murram bila kulalamika. Nikiona daftari la mtu na asilimia themanini ni Nairobi na Entebbe namwambia aangalie PC-12 ama King Air, turbopropu ya injini mbili, kwanza. Jeti inaanza kuleta maana ukienda kilomita 500 kupanda juu, Kigali, Juba, Mombasa, Dar, ambako unakaa juu ya mawingu na dakika zinaonekana. Kama daftari lako linasema hivyo, endelea kusoma, jeti ni yako kihalali.

Hatua ya 4: Pesa ya kununua iweke upande mmoja, ya kukaa nayo upande mwingine

Mustang nzuri inazunguka karibu dola milioni mbili, inapanda na kushuka kulingana na injini. Usiitumie yote kununua. Ukibaki bila kitu baada ya kununua, ndege itakaa chini miezi sita ukitafuta pesa ya breki.

Kitu kinachoamua bei ni injini. Za Mustang zinaenda ovaholi, yaani kufunguliwa zote na kutengenezwa upya, kila saa 3,500, na katikati kwa 1,750 kuna ukaguzi wa sehemu ya moto. Ovaholi ya injini moja ni mamia ya maelfu ya dola, na ziko mbili, na zinafika pamoja. So ndege ya saa 3,100 inayouzwa bei rahisi si rahisi, umebakisha saa 400, kwa hesabu yetu ya juu ni mwaka mmoja na nusu tu.

Ndo maana kuna mipango ya kulipia injini kila saa ukiruka. Pratt & Whitney Canada wana ESP, Williams wana TAP, na JSSI wanachukua injini za kampuni mbalimbali. Ndege iliyo kwa mpango inauzwa bei juu na ni haki yake. Lakini uliza mambo matatu kwa maandishi kutoka kwa mwenye mpango mwenyewe, si kwa broka: hakuna deni, mpango utahamia kwako, na je kuna kiwango cha chini cha saa kwa mwaka ambacho utalipa hata usiporuka. La nne kwetu sisi, na hili watu husahau, uliza kama vile vipuri vya kikomo cha saikoli vimo ndani ya malipo, maana wewe saikoli zako zitakimbia kuliko saa.

Ongeza bima, hanga (banda la ndege), marubani wawili na mafunzo yao, ada za kutua, databesi ya ramani za kompyuta ya ndege ambayo inalipiwa kila mwaka, na fundi. Jumla yake igawanye kwa kutua zako 400. Hiyo ndo bei ya tiketi yako. Iangalie vizuri kabla ya kuendelea.

Hatua ya 5: Soma logibuku kabla ya kupanda ndege kwenda kuiona

Omba logibuku zote, vile vitabu vya kumbukumbu za ndege, zimepigwa skani, kila ukurasa, tangu siku ilipotoka kiwandani. Za bodi, za injini ya kushoto, za kulia, na orodha ya vipuri vyenye kikomo pamoja na vyeti vyake. Ndege iliyopoteza logibuku imepoteza sehemu kubwa ya thamani yake na hauwezi kuirudisha kwa maneno.

Ile ya yule mzee nilisoma usiku tatu. Rangi ilikuwa mpya, viti vya ngozi vinang'aa kwa picha. Kwa logibuku ya injini ya kushoto nikafika mahali ambapo kwa miezi minne kila siku imeandikwa kutua mara mbili, mara mbili, mara mbili, kalamu moja, mwandiko mmoja, hata ule wino ulififia sawasawa kutoka juu mpaka chini ya ukurasa. Watu wakiandika siku kwa siku mwandiko unabadilika, leo ana haraka, kesho rubani ni mwingine, kesho kutwa kalamu imeisha. Huo ukurasa uliandikwa siku moja na mtu mmoja amekaa mezani. Nikachukua rekodi za mafuta za miezi hiyo, broka alizituma bila kufikiria, na mafuta yaliyonunuliwa yalikuwa ya safari nyingi zaidi ya zilizoandikwa. Ile ndege ilikuwa inafanya kazi ya taksi na mtu alipunguza kutua ili vile vipuri vionekane vimebakisha maisha. Nikampigia mzee nikamwambia, "Mzee, hii tuiache." Akaniuliza, "Una uhakika fundi, ama unaogopa tu?" Nikamtumia ule ukurasa. Akaangalia kidogo akasema, "Haya, funga hiyo maneno."

So angalia hivi: saa za bodi na saa za injini zinaenda pamoja ama kuna pengo, kuna miezi ndege haikuruka (injini iliyolala bila kuhifadhiwa inapata kutu ndani), kila agizo la lazima la usalama limefanywa na limesainiwa, na kama iliwahi kuumia, kazi ilifanywa na nani kwa kibali gani. Ndege iliyokaa Florida karibu na chumvi soma mara mbili. Iliyokaa Arizona bodi itakuwa kavu lakini mipira na vioo vimepigwa na jua.

Hatua ya 6: Ofa, depositi na karatasi

Ukiridhika andika barua ya nia. Iseme bei, iseme depositi inarudi yote kama ukaguzi hautakupendeza, iseme nani analipa nini. Desturi ya soko ni mnunuzi analipa ukaguzi na mafuta ya kuipeleka huko, muuzaji analipa kurekebisha kila kitu kinachoizuia kuruka kisheria. Depositi isiende kwa akaunti ya broka hata akiwa rafiki, iende kwa eskro, yaani kampuni ya katikati inayoshika pesa mpaka dili ifungwe. Kwa ndege za rejista ya Marekani makampuni mengi ya eskro yako Oklahoma City kwa sababu rejista yenyewe iko huko, na hao hao wanakutafutia kama ndege ina deni la benki ama la gereji. Deni linafuata ndege, halimfuati mtu.

Pia kuna Mkataba wa Cape Town wa 2001, Kenya imo ndani, na rejista yake ya kimataifa iko Dublin. Mkataba una kiwango cha chini cha ukubwa na ndege ndogo kama Mustang na injini zake hazifiki, lakini kama yako inaingia, wakili wako atafute huko kwa namba ya bodi na namba za injini zote mbili kila moja peke yake, maana injini inaweza kuwa na mwenyewe mwingine kabisa.

Hatua ya 7: Ukaguzi wa kabla ya kununua

Gereji iwe ya aina hiyo ya ndege na isiwe ile iliyokuwa ikiitunza. Itakugharimu makumi ya maelfu ya dola na hiyo ndo pesa bora utakayotumia kwa hii safari yote. Ukinunua Afrika Kusini, Lanseria pale Johannesburg kuna mafundi wa kutosha wa Citation.

Tuma fundi wako asimame pale. Mimi nikienda hivi ndo nafanya. Jioni jua likilala nazima taa za hanga, naweka tochi imelala juu ya bawa, mwanga uende sambamba na chuma. Kidonda cha mvua ya mawe kinajitokeza chote, vibonde vidogo vidogo vinatupa kivuli, na rangi mpya haifichi. Halafu boroskopu, ile kamera ya mrija inaingia ndani ya injini, naomba bleidi moja moja nikizungusha kwa mkono, na naomba video yote irekodiwe, si picha walizochagua wao. Nachungulia ncha, nachungulia kama kuna mahali pamekuwa na rangi ya samawati ya kuungua. Chini ya choo na chini ya jiko dogo la kahawa ndo kutu inapendelea, so sakafu hapo ifunguliwe, wasikwambie ni kazi kubwa. Miguu, pima unene wa breki, soma tarehe ya kila tairi.

Mwisho iruke. Ipande mpaka juu kabisa inakoruhusiwa, kabini ishike hewa, injini zote zipimwe joto zikiwa nguvu sawa. Kama moja ina joto zaidi ya mwenzake kwa kiasi kikubwa, imechoka.

Hatua ya 8: KCAA kabla ya pesa kutoka, si baada

Nenda KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, na aina ya ndege, mwaka wake na namba yake ukiwa bado hujafunga. Watakwambia kama aina hiyo inakubalika, wanataka karatasi gani, na ukaguzi wao utakuwa lini na wapi. Kutoka Marekani unahitaji cheti cha kusafirisha nje cha FAA (mamlaka ya anga ya Marekani) na ndege ifutwe kwa rejista yao kabla ya kupata 5Y, ile namba ya usajili ya Kenya. Namba ikibadilika kuna vitu vidogo vinabadilika nayo ambavyo watu husahau: namba ya utambulisho ya transponda (kifaa kinachoitambulisha ndege kwa rada), redio ya dharura isajiliwe upya, na kibali cha kuruka kati ya futi 29,000 na 41,000, ile RVSM iliyoanza Afrika Septemba 2008, kinatolewa upya. Bila hicho kibali Dar utaenda ukiwa chini ya 29,000 ukikunywa mafuta.

Amua pia mapema: ni yako binafsi ama itafanya kazi ya kulipwa? Huwezi kubebea mtu kwa pesa bila leseni ya huduma za anga na cheti cha mwendeshaji, na bima haitalipa hata senti ukikamatwa na hilo. Wengi hapa huipeleka chini ya cheti cha kampuni ambayo tayari inayo. Kodi ongea na mtu wa kodi mwenyewe, sheria ya fedha inabadilika karibu kila mwaka.

Marubani watafute sasa. Mustang na CJ zinaruhusiwa rubani mmoja kwa matumizi binafsi lakini mimi naomba, naomba kabisa, weka wawili. Mawingu ya Nandi na Kericho jioni si ya mtu mmoja.

Hatua ya 9: Kuileta nyumbani

Kutoka Marekani inapita Kanada, Greenland, Iceland, Skotlandi, inashuka Ulaya mpaka Misri. Zamani ungekata Sudan moja kwa moja, lakini tangu vita vya Aprili 2023 anga hiyo si ya kutegemea, so inazunguka upande wa Saudia na Djibouti ama Ethiopia halafu Kenya. Lipa rubani wa kazi hiyo mwenye uzoefu wa bahari na umweke mmoja wako pembeni ajifunze. Bima ya safari hiyo ni tofauti na ya kawaida, isomwe.

Hatua ya 10: Ikishafika Kisumu

Hanga, si kuegesha nje. Jua la hapa na mvua ya mawe vitakula rangi na mipira mwaka wa kwanza. Ndege wa ziwa, wale wa manyoya, ni wengi karibu na raniwei, asubuhi hasa, so rubani aulize mnara kila mara, na vifuniko vya injini vivalishwe dakika ile zinapopoa, maana wale wadudu wa ziwa wakija kwa wingi wanaingia kila tundu, hata yale matundu madogo ya kupima kasi. Mvua za ziwani zinapiga usiku kuelekea alfajiri, za milimani kuanzia saa nane mchana, so panga kuondoka saa mbili asubuhi na kurudi kabla ya saa nane na utaepuka nyingi.

Na weka daftari la pili mbali na logibuku, daftari la kawaida la shule, likae kwa ndege. Rubani aandike kila kutua hapo hapo akizima injini: tarehe, uwanja, saa ngapi, joto la injini kushoto na kulia. Mwisho wa mwezi fundi analinganisha na logibuku. Yule mzee sasa ako na Mustang yake, tuliipata miezi saba baadaye, na daftari lake la kwanza limejaa. Kutua ya kwanza kabisa aliiandika mwenyewe, Kisumu, saa nne na dakika kumi asubuhi.